Ugali Kwenye Tangi la Maji Chumvi

Mtanivumilia, maana katikati ya maneno nitainuka. Sijawahi kuwa mtu wa kukaa. Marehemu mama alikuwa akiniambia nimezaliwa na siafu kwenye sketi, na hadi leo, nimestaafu, magoti yananiuma nikipanda kilima, bado siwezi kumaliza kikombe cha chai kwenye kiti kimoja. Nusu nakunywa uani, nusu mlangoni. Mtu wa namna hiyo Mungu akampa kazi ya kusubiri. Nimeifanya maisha yangu yote na sijaizoea.

Kazi yenyewe ni kutunza matangi ya samaki wa baharini, yale ya vioo yenye matumbawe na taa za bluu. Nilianza Dar es Salaam nikiwa mfanya usafi wa hoteli. Siku ya kwanza nilipewa sponji nifute kioo cha tangi lililokuwa mapokezi. Kwa bidii za ugeni nikaitia sponji sabuni, nikapanda stuli nifute mpaka ndani. Mzee Kibwana, aliyekuwa mwangalizi wa tangi, alinidaka mkono kabla haujagusa maji. Hakunigombeza. Aliniuliza kama kwetu tunaosha kisima kwa sabuni. Nikasema hapana. Akasema basi na huku hapana, na wiki ileile akaniombea nihamishiwe kwake. Wenzake walimshangaa. Aliwajibu kwamba yule binti ana haraka, lakini anasikia.

Sasa nimerudi nyumbani, Matogoro, hapa Songea. Nilidhani nimekuja kulima mahindi na kutulia, nyie mnaotaka matangi hamkuniacha. Mnapanda na bodaboda, simu mkononi, "Shikamoo Bibi Samaki," halafu mnanionyesha picha ya tangi la mtu wa Ulaya lenye matumbawe kama bustani, na mnataka lenu liwe hivyo kabla ya Idi, kabla ya kipaimara, kabla ya sendofu ya dada. Ndiyo maana naandika. Nimechoka kurudia.

Kwanza chumvi. Kuna kijana mmoja wa Mfaranyaki, fundi simu, jina namhifadhia. Alinunua pakiti za chumvi ya mezani, akakoroga kwenye ndoo, akaonja kwa kidole, akanipigia kuniarifu kwamba imekolea. Nikamuuliza anapika supu au anafuga samaki. Chumvi ya jikoni imetengenezwa imfae binadamu. Maji ya bahari yana madini chungu nzima, ndiyo maana kuna chumvi maalumu ya matangi, inauzwa kwenye ndoo yenye mfuniko, mnaagiza Dar inafika kwa basi. Na kipimo si ulimi. Kuna kijibomba cha kuchungulia, unadondoshea tone la maji, unakiinua kwenye mwanga, kinakuonyesha chumvi imefika mstari gani. Kinunueni hicho kabla ya samaki.

Maji ya bomba yana dawa. Ya mvua mnayapenda kwa sababu ni ya bure na yanang'aa, lakini yameteremka juu ya bati, na madini yanayotoka kwenye bati yanaua kamba na konokono taratibu bila wewe kujua. Yapitisheni kwenye chujio linalobakiza maji matupu, ndipo mkoroge chumvi. Na maji ya tangi yakipungua, hasa kipindi chetu cha upepo, usiongeze maji ya chumvi. Kilichoondoka ni maji, chumvi imebaki palepale. Piga alama kwenye kioo kwa kalamu, yakishuka ongeza maji matupu. Hili nimelisema mpaka mume wangu, ambaye hajawahi kuingiza hata kidole kwenye tangi, analisema usingizini.

Ngoja. Pampu ya tangi langu inalia vibaya.

Nimerudi. Konokono alikuwa ameingia kwenye tundu la kunyonyea maji, nimemtoa, mzima. Nilikuwa nasemaje? Kusubiri. Hapo ndipo mnaposhindwa, na siwacheki, hata mimi huwa nashindwa. Tangi jipya ni nyumba isiyo na choo. Samaki anakula, anajisaidia, uchafu ule unageuka amonia, sumu yenye harufu ile ya kwenye kona wanakokojoa watu. Baharini kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoila sumu hiyo. Kwenye tangi lako jipya havipo. Kwa hiyo unaweka mawe na mchanga, unawasha pampu, unatupia kipande cha kamba, yule wa kuliwa, kioze humo, halafu unasubiri vijidudu vizaliane, wiki baada ya wiki, huku unapima maji kwa vichupa vya dawa. Maji ya kichupani yakigeuka kijani, sumu ipo. Yakibaki njano, hamna. Mpaka njano itulie, tangi lako lina mawe tu, na wageni watauliza samaki wako wapi, na wewe utasema wanakuja. Mzee Kibwana aliweza kukaa mbele ya tangi tupu asubuhi nzima, ametulia kama anasikiliza redio. Mimi nilikuwa nazunguka, nafunua mfuniko, nagusa mawe. Mwisho akanipa neti zilizochanika nizishone, ili mikono yangu iwe na kazi nyingine.

Nawaeleza haya mjue kwamba nilikuwa na kila kitu kichwani siku nilipokwenda kwa Rajabu, na bado tangi lake lilinitoa jasho.

Rajabu ni mtu wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho. Ana duka Mfaranyaki na nyumba nzuri Mjimwema. Kwa jambo moja ni ndugu yangu kabisa, naye hajui kukaa. Anaongea na simu huku anatembea, anakula huku anatafuta funguo. Alikuwa ameona tangi kwenye hoteli fulani huko Dar, akaja kwangu akasema analitaka sebuleni kwake. Nikampa masharti yote. Akayakubali yote kwa haraka ya mtu ambaye hatafuata hata moja, kwa hiyo nikamwambia nitalitunza mwenyewe mpaka mkewe, Mwanaidi, ajifunze. Tukasubiri. Kila akipita sebuleni Rajabu anauliza, bado tu? Namjibu atulie, na moyoni nauliza hivyohivyo.

Njano ilipotulia nikaagiza samaki wachache wadogo, wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, pamoja na kamba mmoja mwekundu, konokono, na vipande vya matumbawe laini, yale yanayovumilia makosa ya mtu anayeanza. Vyote vya kuzalishwa, kutoka kwa mfugaji mwenye kibali. Kwenda kuvunja matumbawe baharini ni kosa, msije mkasema Bibi Samaki hakuwaambia.

Mle nyumbani alikuwemo pia mama yake Rajabu, Bi Somoe. Mumewe alifariki kule Tunduru. Alipomaliza eda Rajabu akamleta Songea ili asibaki peke yake. Ni bibi mwenye umbo dogo, msafi, mtani, analalamikia baridi yetu kana kwamba sisi ndio tulioitengeneza. Kila nikimwamkia alikuwa ananijibu marahaba mwanangu, halafu ananiuliza kama huku kwetu jua huwa tunalikodisha.

Nilipokuwa naunga mabomba, Mwanaidi aliniambia jikoni kwa sauti ya chini kwamba bibi hali. Anamega matonge mawili, anasema ameshiba, anasukuma sahani. Hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa. Walimpa dawa ya maji ya kuleta hamu ya kula. Aliinywa, hamu haikuja. Kanga zilikuwa zinamzidi, na ukimshika mkono unahisi mfupa. Rajabu alikuwa na hofu kubwa, ila hofu yake ilitokea kwenye kununua vitu: maziwa, asali, juisi za maboksi, supu ya kuku wa kienyeji. Vyote vilikuwa vinaharibika kwenye friji.

Basi samaki wakaingia, matumbawe yakafunguka, Rajabu akapiga picha akawarushia watu. Meza ndogo ya Bi Somoe iliwekwa palepale kando ya tangi, kwa sababu pale dirishani ndipo jua la mchana linapoingia. Hakuna aliyelifikiria hilo mara mbili, hata mimi.

Muda si muda nikafika kupima maji, yakageuka kijani.

Nikasema labda nimekosea. Nikarudia. Kijani. Nikabadilisha sehemu ya maji nikaenda zangu, na nyumbani hapakukalika, nikachuma mboga, nikazirudisha, nikasahau nimezichumia nini. Niliporudi kule, kijani tena, na matumbawe yamejifunga. Kamba mwekundu alikuwa amekufa nyuma ya jiwe. Samaki mmoja alikuwa juu kabisa ya maji anahema.

Nikaanza kumshuku kila mtu. Mwanaidi nilimkalisha anionyeshe anavyowalisha, kumbe anawalisha vizuri kuliko mimi, chembe kidogo tu. Nikahesabu konokono nione kama kuna aliyefia mchangani, wote wapo. Juu ya maji kulikuwa na utando wa mafuta, nikasema ni losheni, maana kwa baridi yetu hii watu asubuhi tunajipaka mafuta mpaka tunateleza, halafu mtu anaingiza mkono kwenye tangi. Nikawakataza. Nikauliza habari ya dawa ya mbu ya kupuliza, nikauliza umeme ulikatika lini. Rajabu akawa ananifuata nyuma na simu sikioni, ananiuliza shida ni nini, shida ni nini, mpaka nikamwambia akaniulizie hukohuko kwenye simu.

Katika kuhangaika huko kulikuwa na habari moja njema. Mwanaidi alinipa akicheka kwa furaha: bibi anakula. Sahani inarudi tupu, hata mchuzi hamna. Rajabu akasema ni ile dawa ya maji, imechelewa tu kufanya kazi. Tukamshukuru Mungu wote, kila mmoja kwa dini yake, nami nikarudi kwenye vichupa vyangu. Samaki yule aliyekuwa anahema alikufa siku iliyofuata.

Siku moja nikafika alasiri na mpira wa kunyonyea uchafu. Huu mpira ujueni, unauingiza mchangani, unavuta, takataka zinatoka na maji mpaka kwenye ndoo. Nikaupeleka nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo mkondo wa pampu haufiki. Mpira ukaziba. Nikaingiza mkono, nikatoa kitu cheupe, laini, kimeanza kumeguka pembeni.

Ugali.

Nililiweka lile tonge kwenye kiganja nikaliangalia. Mtu akimwaga makombo yanaonekana ni makombo. Hili lilikuwa limeviringishwa vizuri, likabonyezwa katikati kwa kidole gumba, kale kashimo ka kuchotea mchuzi, na mafuta ya mchuzi yalikuwa bado yamegandia humo. Lilikuwa tonge la kumpa mtu. Kando yake kulikuwa na mengine yaliyokwisha kuoza.

Kesho yake nikaenda saa ya chakula cha mchana, nikachutama nyuma ya tangi, nikajifanya naangalia pampu. Rajabu alikuwa dukani. Mwanaidi akamtengea bibi, akarudi jikoni kwa watoto. Bi Somoe akanawa, akasema bismillahi, akageukia kioo akasema "Karibuni," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyomwambia jirani anayepita ukiwa unakula barazani. Samaki wakaja mbio. Akamega, akaviringisha, akabonyeza, akachovya, akadondosha juu ya maji. Akasubiri waanze kudonoa. Ndipo akamega la kwake. Akawa anakwenda hivyo, wao kwanza kisha yeye, na katikati anawapa habari, kwamba unga wa huku ni mweupe lakini wa Tunduru una ladha. Akala sahani yote.

Aliponiona aliniambia karibu mwanangu, tule. Nikamjibu kama tunavyojibu wote, nashukuru mama, nimeshiba, nikatoka nje na ndoo yangu.

Kazi yangu ilikuwa kuokoa tangi, na dawa ya tangi ilikuwa rahisi, hata nyie mnaoanza leo mngeitaja: mchuzi na ugali viache kuingia. Lakini kile kilichokuwa kinawaua samaki ndicho kilichokuwa kinamlisha yule bibi. Nikizuia kimoja nazuia na kingine. Nikiacha, wote watakufa mbele ya macho yake, na hapo pia ataacha kula. Nilizunguka pale uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilimwambia Rajabu jioni ileile getini kwake. Kwanza alicheka, akapiga paja. Halafu akasema, "Niachie mimi," na kabla sijamaliza kumweleza upande wa pili wa habari, simu ikaita akaenda.

Nikamwachia, naye akafanya lake. Niliporudi nikapima, njano safi. Matumbawe yamefunguka, samaki waliobaki wanang'aa, na Rajabu mwenyewe yupo na wageni wake wa korosho anawaonyesha, anawaeleza habari za vijidudu kana kwamba yeye ndiye aliyevifuga. Nikaangalia dirishani. Meza haipo.

Ilikuwa imehamishiwa chumba cha nyuma. Bi Somoe alikuwa amekaa huko kitandani, na chakula kimefunikwa kawa mezani. Nikafunua. Hakijaguswa, ugali umeota ngozi juu. Mwanaidi aliyekuwa amesimama mlangoni alishindwa kuniangalia. Alisema ni siku nyingi sasa, na juzi bibi alianguka alipokuwa anakwenda kuchukua udhu.

Nikavuta stuli, nikakaa. Nikajiambia leo, Batilda, utakaa hata kama siafu wako wote wataamka.

"Mama, kwa nini huli?"

Akawa ananyoosha pindo la kanga juu ya goti. Halafu akaniuliza kama yule mwekundu na yule samaki mmoja walikufa kwa chakula chake. Mwanaidi alikuwa amemwambia, si kwa ubaya, alitaka tu aelewe kwa nini meza imehamishwa. Sikumdanganya, nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. Akasema hajawahi maishani mwake kumdhuru mgeni kwa chakula, na hataki kuanza uzeeni, kwa hiyo pale kwenye kioo harudi.

Kisha akanieleza mengine, taratibu. Watoto walipoondoka nyumbani, yeye na mzee wake walianza kula sahani moja. Miaka yote hiyo hakuwahi kumega tonge bila kumkaribisha mtu na mtu yule akakaa. Hapa Songea anawakaribisha. Rajabu anashukuru akiwa mlangoni. Mwanaidi anashukuru akiwa na mtoto mgongoni. Na wewe, akaniambia, ulisema umeshiba, halafu nikakuona kupitia dirishani, umesimama uani unakula muhogo kutoka kwenye mkoba wako.

"Wale samaki najua si watu, mwanangu, sijachanganyikiwa," alisema. "Lakini hawaondoki nikiwa nakula."

Niliona aibu na hasira kwa pamoja, na hasira ndiyo iliyonifaa, maana ilinipandisha bodaboda mpaka Mfaranyaki. Rajabu alikuwa katikati ya magunia, anapayuka kwenye simu kuhusu lori. Nikasimama mbele yake mpaka akakata. Nikamweleza yote aliyoniambia mama yake, neno kwa neno.

Alinisikiliza, na namshukuru kwa hilo. Lakini ni mtu wa kununua. Akaniuliza kama hakuna samaki wanaokula ugali. Nikamwambia wapo, perege, ila ni wa maji baridi, kwenye chumvi hii watakufa. Akauliza kama kuna mashine kubwa zaidi ya kusafisha maji. Nikasema ipo. Akauliza tangi kubwa zaidi, ili tonge lionekane dogo. Nikamwambia Rajabu, mwanangu, unaweza kununua bahari yenyewe ukaileta Mjimwema kwa lori lako, mama yako atakufa pembeni yake.

Akaweka simu juu ya gunia.

"Hajapungukiwa chakula," nikamwambia. "Hana mtu wa kula naye. Kesho mchana nenda nyumbani ukakae."

Akaanza kusema ni msimu, wanunuzi wapo mjini, atajitahidi. Nikamwambia sikuja kusikia habari ya kujitahidi, nikatoka, maana ningekaa zaidi ningemtukana.

Kesho yake asubuhi nilikwenda nikairudisha meza sebuleni mwenyewe, naiburuta kwenye marumaru inapiga kelele nyumba nzima. Bi Somoe alikataa kutoka chumbani. Nikamwahidi kwamba samaki nitawalinda mimi, nitakaa kati yake na maji, na kama mkono wake utawaelekea nitauzuia kwa heshima zote. Hilo likamchekesha kidogo. Akakubali kwa sharti kwamba mlinzi naye anawe mikono.

Mwanaidi akatenga ugali, samaki wa Nyasa wa kuchemsha, na mboga za majani. Nikanawa, nikakaa. Makalio yakaanza kuniwasha papo hapo. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha muda mrefu, ugali unapoa, na bibi hajanyoosha mkono, anaangalia tu mlango. Nilitaka kuinuka nikapime maji, nikachungulie barabarani, nifanye lolote. Nikashikilia meza.

Gari likaingia. Rajabu akaja na viatu mkononi, akanawa kwa haraka, akakalia ncha ya kiti kama abiria ambaye basi lake limesimama dakika mbili tu watu wakachimbe dawa vichakani. Bi Somoe akasema bismillahi. Akasema karibuni. Akamega, akaviringisha, akabonyeza.

Simu ikaita mfukoni mwa Rajabu. Nikamwona mabega yanapanda, mguu mmoja umeshatoka chini ya meza. Ikakata, ikaita tena, na sasa alikuwa ameinuka nusu, mkono mfukoni. Mama yake hakumwangalia. Mkono wake, kwa mazoea tu, ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye kioo na lile tonge. Mimi nikajiandaa kuuzuia, na sikuwa na haja. Ulisimama wenyewe hewani. Ukageuka, ukapita juu ya sahani, ukasimama mbele ya mwanawe.

"Kaa, baba," alimwambia.

Rajabu, na kitambi chake na mvi zake za kwanza, alilitazama lile tonge. Sijui aliona nini humo. Simu ilikuwa bado inaita. Akakaa, sasa kiti kizima, akalipokea kwa mkono wa kulia akalitia mdomoni, na akawa anatafuna huku macho yamemjaa maji, bila kuyafuta. Bi Somoe akamega lingine akala. Akamega lingine tena, nami nikamega, mpaka chini ya sahani pakaonekana.

Samaki walikuwa wamejazana kwenye kona ya kioo, midomo juu, wakisubiri tonge lao. Siku ile hawakupata.